Nani kashika kibodi?

Juzi nimemwambia mama mmoja wa pale Mwanjelwa binti yake aje Jumamosi tumfundishe kukodi, akaniangalia weee, akaniuliza "kukodi nini mwalimu, bajaji?" Tukacheka sana, tangu siku hiyo nasema tu kuandika programu.

Mi nafundisha kompyuta, niko Uyole huku Mbeya kwenye baridi, nina klabu ndogo ya Jumamosi, na kosa nililofanya mwaka wa kwanza nalisema wazi maana naona walimu wengi bado wanalo. Mashine zilikuwa chache basi nikawapanga wawili wawili, mvulana na msichana, hapo najiona nimeweka usawa. Wiki ya tatu ndo nikashtuka, kila meza mvulana kashika mausi na kibodi, msichana ana daftari anaandika. Yaani nimewageuza makarani bila kujua! Na madaftari yao mazuri kweli, yana rangi na mistari, ila programu hata moja hawajaandika.

Na hili si la Mbeya tu wala si la leo. ENIAC, ile kompyuta ya Marekani iliyotangazwa 1946, waliokuwa wanaipanga ifanye hesabu kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi walikuwa wanawake 6, wako vizuri kwenye hisabati kabisa, lakini enzi hizo hiyo ilionekana kazi ya ukarani tu, sifa zikaenda kwa wanaume walioiunda mashine. Kabla yao Ada Lovelace wa Uingereza alishaandika mwaka 1843 hatua za kukokotoa namba kwa mashine ambayo hata haikuwahi kumalizika kutengenezwa. Kwa hiyo mtu akiniambia mambo haya ni ya wavulana namuuliza, tangu lini?

Nilichobadilisha ni kitu kidogo tu: dereva na konda. Dereva anashika kibodi, konda hagusi kitu, kazi yake kuangalia njia na kupiga kelele "suka, umesahau nukta mbili hapo!", dakika 10 zikiisha wanabadilishana hata kama mstari haujaisha. Wavulana walinuna mwanzoni, wakazoea.

Kingine, siku za mwanzo siwashi kompyuta. Nawaambia toeni simu, pigeni menyu ya kutuma pesa, si inakwambia bonyeza 1, bonyeza 2? Hiyo ndo "kama hivi fanya hivi, la sivyo fanya vile", kuna mtu alikaa akaiandika. Halafu ule msuko wa "twende kilioni": chukua nywele kidogo, pitisha, kaza, rudia mpaka ufike kisogoni. Hapo mabinti wanaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa chuoni, na wanaelewa hilo neno "mpaka" lina kazi gani, maana ukilisahau kompyuta itasuka mpaka kesho.

Wanaoanza nawapa Scratch, ile ya kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya rangi, ilitoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ina Kiswahili kwenye lugha zake na unaweza kuiweka kwenye flashi ukaisimika bila intaneti, kwa shule zetu hilo ndo la maana kuliko yote. Wakikomaa tunaingia Python, lugha ya programu ya kuandika kwa maneno.

Sasa binti wa yule mama wa bajaji, mama yake anauza viazi, anachukua gunia anapima kwa sado. Binti kaandika programu ya Python mistari kama 15 hivi: bei ya gunia, nauli, ushuru, mfuko, sado ngapi zinatoka, faida ngapi. Ikaleta namba yenye alama ya kutoa mbele. Tukatafuta kosa nusu saa nzima, konda wake anapiga kelele, mimi nasoma mstari kwa mstari, hamna kitu. Programu ilikuwa sahihi. Jumatatu sado imepanda bei, mama anasema ni sababu ya mwalimu.