Eti mpaka uwe sista? Tuliyoyakariri kuhusu watakatifu na maisha ya nyumbani

Dhana inayoongoza kwa kuaminiwa ni hii: watakatifu ni mapadre, masista na mapapa, sisi tuliooa na kuolewa tunasindikiza tu. Naelewa inapotoka, maana ukifungua kalenda ya liturujia kweli wamejaa maaskofu na watawa, na sababu moja ni ya kawaida kabisa, mtawa akifa shirika lake lipo, lina watu wa kufuatilia faili lake la kutangazwa mtakatifu miaka na miaka, sa mama wa watoto sita akifa nani atakaa ashughulikie makaratasi?

Lakini wapo. Mathias Mulumba na Andrea Kaggwa, kwenye wale mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani, walikuwa watu wazima wenye familia zao. Gianna Beretta Molla wa Italia, daktari wa watoto, alitangazwa mtakatifu 2004 na mume wake akiwa bado hai. Afu kuna Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, baba fundi saa, mama ana biashara ya lesi na wafanyakazi wanaomtegemea. Walioana 1858, wakapata watoto tisa, wanne wakafa wadogo. Papa Fransisko akawatangaza wote wawili kwa pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, wanandoa wa kwanza kutangazwa hivyo. Barua za Zélie zaidi ya 200 zipo mpaka leo, na ukizisoma ukitegemea kukuta maono na malaika utashangaa, ni uchovu, oda za lesi, homa za watoto, na hasa binti yake Léonie ambaye alikuwa mgumu kweli, hasikii, shule inamshinda, mama mtu hajui afanyeje. Alikufa kwa kansa 1877 hajaona mwisho wa huyo mtoto. Léonie baadaye alijaribu utawa akashindwa mara kadhaa ndo akadumu, na mchakato wake yeye mwenyewe wa kutangazwa ulifunguliwa 2015. Mdogo wake ndo yule Teresia wa Mtoto Yesu.

Dhana ya pili, mtakatifu hakasiriki, hachoki, hasinzii kanisani. Jamani. Teresia huyohuyo kaandika mwenyewe kwamba alikuwa anasinzia wakati wa sala. Kaandika pia kuhusu sista aliyekuwa nyuma yake kwenye tafakari, anatoa kasauti fulani kanakokera mpaka Teresia anatoka jasho kwa kujizuia asigeuke kumkata jicho, mwisho akaamua basi akasikilize hako kasauti kama muziki na ndo kawe sala yake. Na kufulia je? Mwenzake anamrushia maji machafu usoni, naye anajilazimisha asirudi nyuma. Hayo ndo mambo yake makubwa, kasauti na maji ya kufulia, na huyu ni Mwalimu wa Kanisa tangu 1997, cheo cha watakatifu wachache ambao mafundisho yao Kanisa zima linayategemea! Teresia mwingine, wa Avila, alikiri kuna kipindi alikuwa anasali huku akiombea saa iishe. Hasira za Mt. Jeromu, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, tusiziguse, tutakesha.

Sasa hii inayofuata inanikera kuliko zote: "kuwa kama Monika, vumilia tu". Mwanamke anapigwa nyumbani, anaambiwa asali anyamaze kama Mt. Monika. Kwanza Augustino mwenyewe, mtoto wake, anasema baba yake Patricius alikuwa na hasira kali lakini haikuwahi kusikika kwamba alimpiga Monika, kwa hiyo huo mfano hauingii hapo hata kidogo. Pili, ni kweli mume akikasirika Monika alisubiri atulie ndo ajieleze, lakini huyo Monika wa kunyamaza tu ni wa kutungwa. Augustino alipoingia kwenye dhehebu la Wamani, lililopingana na imani ya Kanisa, mama alikataa kuishi naye nyumba moja na kula naye meza moja, mpaka alipopata ndoto ndo akamrudisha. Akamng'ang'ania askofu mmoja aongee na kijana, askofu anasema mwache tu uendelee kumwombea, mama haondoki, analia, mpaka askofu akachoka na kumwambia aende zake, mtoto wa machozi kama hayo hawezi kupotea (watu wananukuu machozi, kwamba askofu alichoka hawasemi). Na mtoto alipomdanganya akapanda meli usiku akaelekea Roma, mama naye baadaye alivuka bahari akamfuata mpaka Milano. Augustino akabatizwa Pasaka ya 387, Monika akafariki mwaka huohuo, akiwa kwenye mwaka wa 56 wa umri wake. Sa huyo ndo wa kunyamaza?

Kuna wanaodhani kupata msukumo kwa mtakatifu ni kumkopi. Kafunga siku arobaini nami nafunga, kalala chini nami nalala chini, huku una mtoto ananyonya na kesho kazini. Fransisko wa Sales, askofu, alishaliandika hili mwaka 1609, kwamba ibada inatakiwa ilingane na hali ya mtu, mwenye ndoa akitaka kuishi kama mtawa mambo yatavurugika tu. Fransiska wa Roma alikaa kwenye ndoa karibu miaka 40, na inasimuliwa kwamba siku moja aliitwa na mambo ya nyumbani mara nne akiwa kwenye mstari uleule wa sala, kila mara anaacha anaenda, aliporudi mara ya mwisho akaukuta mstari umeandikwa kwa dhahabu. Ile dhahabu mimi naiweka kwenye simulizi. Ila kuitwa mara nne kabla hujamaliza mstari mmoja, mwenye watoto yeyote anajua hiyo haijatungwa.

Vivyo hivyo kwa Zita wa Lucca, malaika waliomwokea mikate ni hekaya, lakini kwamba aliingia kazi za ndani akiwa na miaka 12 na akabaki nyumba hiyohiyo mpaka alipofariki 1272, na wafanyakazi wenzake wakimchukia kwa bidii yake, hilo lipo na ndo lenye faida.

Na eti ni watu wa zamani? Carlo Acutis kazaliwa 1991, kafariki 2006, katangazwa Septemba 2025 na mama yake mzazi yupo palepale. Kijana alikuwa na PlayStation na akajiwekea saa moja tu kwa wiki. Ukitaka kuwasomea watoto anza na huyo, watakuuliza alikuwa anacheza gemu gani.