Gharama si bei, hasa ukinunua pikapu kuukuu

Juzi barazani Mwembe Tayari, hapa Mombasa, kahawa mkononi na kashata mdomoni, kijana mmoja alitoa simu kutuonyesha Hilux anayotaka kununua. Dizeli, fowili (yaani injini inaweza kusukuma magurudumu yote manne), namba bado zile za zamani za KA, rangi imekwajuka lakini tairi mpya. "Gharama yake laki sita tu," akasema. Mzee mmoja akamuuliza, "Laki sita kwa mwaka?" Kijana akacheka, akidhani mzee hakusikia. Mzee alisikia vizuri kutushinda sote.

Nimelisikia kosa hilo mara nyingi mno, kwa madalali, kwenye matangazo, hata kwa watangazaji wa redio ambao kazi yao ni maneno. Bei ni fedha anazopokea muuzaji siku mnapouziana. Gharama ni yote yanayokutoka kwa sababu kitu kile ni chako, tangu siku hiyo mpaka kitakapotoka mikononi mwako. Basi, maana ni hiyo.

Kinachoniudhi ni kwamba maneno yenyewe yanaeleza tofauti hiyo waziwazi, nasi hatuyasikilizi. Yalitufikia kwa jahazi moja lakini hayakutoka nyumba moja. Bei ni bay' ya Kiarabu, kuuza, na kila aliyesoma aya ya riba katika Sura ya al-Baqara amekutana nalo. Liunganishe na shiraa, kununua, upate biashara. Ni neno la tendo lenye mwisho: mmehesabiana, mmepeana mikono, kila mtu kashika njia yake.

Gharama ni mzizi mwingine wa Kiarabu, wa herufi ghaini, ra na mimu. Kwa Waarabu, gharama mpaka leo ni faini, na waliokwenda kufanya udereva Saudia wanaweza kukueleza walivyolijua neno hilo. Tuliosoma chuo cha Kurani tunawakumbuka al-gharimin, wenye kulemewa na madeni, fungu mojawapo kati ya yale manane ya wanaostahili zaka. Na katika Sura ya al-Furqan, adhabu ya Jahannamu imetajwa kwa neno la mzizi huohuo, kwa maana ya kitu kinachokuganda kisikuache. Mzizi huo ndio pia uliozaa gharam, mapenzi ya kung'ang'aniana, yale ya nyimbo za Kimisri. Juu ya mwanamume na pikapu yake kuukuu sina la kuongeza hapo.

Tukiwa papa hapa, rahisi nalo limetuponza. Kwa Kiarabu ni kitu cha bei ndogo tu. Sisi tukaliongezea maana ya wepesi, kwa hivyo mtu akiambiwa gari ni rahisi, moyo wake unasikia pia kwamba kulimiliki ni kazi nyepesi.

Turudi kwa kijana. Tuseme pikapu yake itakwenda kilomita 60 kwa siku, Mtwapa mpaka Kongowea na mizunguko ya mjini, siku 26 za mwezi. Hizo ni kilomita 1,560. Ikimpa kilomita 8 kwa lita, atachoma lita 195. EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na mafuta, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na sisi wa Mombasa hulipa chini kidogo kuliko Nairobi kwa sababu mafuta hushukia bandarini kwetu, lakini tuchukue shilingi 170 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Ni shilingi 33,150 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 397,800. Katika mwaka mmoja na nusu tangi litakuwa limemeza takriban laki sita, yaani bei nzima ya gari, na hakuna aliyemwambia.

Injini ile ile ikiwa na nozo safi (zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini), chujio la hewa lisiloziba na tairi zenye upepo wa kutosha, ikafika kilomita 10 kwa lita, atatumia lita 156. Ameokoa lita 39, shilingi 6,630 kila mwezi. Lakini hawezi kujua kama hapimi, na wengi hupima kwa mshale wa tangi, ambao kwa gari la umri ule unasema unachotaka. Jaza mpaka juu, andika kilomita, tembea, jaza tena mpaka juu, gawanya. Na kama kuna aliyefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani ili gari lionekane dume, mita inahesabu kilomita pungufu, kwa hivyo hata hesabu hiyo itakudanganya.

Kisha dalali anamwambia, "Usipotumia fowili haina gharama." Ah. Hilux za zamani za aina ile hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo. Ukishika fowili kwenye lami kavu ukapinda kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti na hayawezi. Propela zinajikaza, tairi zinasagika na mafuta yanakwenda. Hilo la kwanza, na linaepukika. La pili haliepukiki: hata ukiliacha fowili mwaka mzima, umebeba difu ya mbele, shafti zake na gia boksi ya pili, ile ya fowili, uzito unaoulipia kila unapong'oka pale Makupa. Hab za mbele, vile vifungo vinavyounganisha magurudumu na shafti, zikiachwa zimefungwa, shafti zinazunguka bure. Na oili si ya injini peke yake. Kuna ya gia boksi, ya boksi la fowili, ya difu ya mbele na ya difu ya nyuma. Sili zote hizo zinazeeka hata gari likiwa limelala.

Injini zenyewe, zile za dizeli za Toyota za familia ya L zisizo na tabo, ni ngumu na fundi yeyote anazijua. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini zina belti ya taimingi inayotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika njiani, pistoni zinagonga valvu. Muulize muuzaji ilibadilishwa lini. Akikujibu "hiyo haina shida", kumbuka wale wa zaka.

Halafu sisi tuko pwani. Pikapu iliyokaa Nakuru na iliyokaa Likoni zinaweza kuwa na bei moja, lakini chumvi ya bahari haiangalii logibuku. Ingia chini ya gari na bisibisi, ugonge chesisi kwenye viungo na mahali springi zinaposhikiwa. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu mimi sijawahi kuifurahia. Bima na ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya biashara nitavipita, maana risiti zake zinakuja zenyewe, ingawa ajue mapema kwamba kampuni nyingi zitamkatia thadi pati tu, bima inayolipa hasara ya wengine na si ya gari lako, kwa gari la umri ule. Likiibwa, hasara ni yake.

Sisemi asinunue. Kwa kweli bei, ile anayoiita gharama, ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Kenya hairuhusu kuingiza magari ya mitumba ya zaidi ya miaka minane, kwa hivyo pikapu ngumu za zamani zilizokwishaingia zinashika thamani yake. Akinunua kwa laki sita, akauza baada ya miaka mitatu kwa laki nne u nusu, zilizopotea ni shilingi 150,000. Mafuta ya miaka hiyo mitatu, kwa hesabu yetu ya kilomita 8, ni 1,193,400. Mtu anayemlalia muuzaji wiki nzima apunguziwe elfu ishirini, kisha hajui gari lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita, ameshika mkia akidhani ni kichwa.

Kwa hivyo, mwanangu, mzee hakukudhihaki. Ulitaka kusema bei yake ni laki sita, na hapo ulikuwa sahihi. Gharama yake bado huijui, wala dalali haijui. Nunua daftari la shilingi hamsini, uliweke chini ya kiti, uanze kuandika siku ya kwanza utakapojaza tangi.