Uhalisia wa picha katika gemu za magari, na bei inayofuatana nao

Kila inapotangazwa gemu mpya ya mbio za magari, mabishano huanza mapema kwenye vibanda vya pleisteshini hapa Malindi, kuanzia Maweni hadi Barani. Itauzwa ngapi? Na picha yake itafanana na kweli kiasi gani? Maswali haya mawili huulizwa pamoja kana kwamba ni moja: picha ikiwa kali, watu hukubali na bei iwe kali. Wakati huo gemu yenyewe bado miezi kadhaa, na kilichopo mkononi ni trela ya dakika mbili iliyotazamwa kwenye simu. Naona dhana hii ya uhalisia wa picha inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu asiyeielewa anaweza kutoa shilingi elfu tisa kununua kitu ambacho hatakiona.

Uhalisia wa picha ni kiasi ambacho kinachoonekana kwenye skrini kinakaribia kile ambacho jicho lingeona barabarani. Wengi hutazama gari tu: rangi inavyong'aa, taa, nembo, mishono ya viti. Lakini jicho hukubali au hukataa kwa sababu nyingine kabisa, na kubwa kuliko zote ni mwanga. Simama saa saba mchana kando ya barabara ya kwenda Watamu. Lami imepauka karibu kuwa nyeupe, kivuli cha mwembe kina kingo kali, na chini ya gari lililoegeshwa kuna giza, lakini si giza tupu. Limeingia rangi kidogo ya udongo, kwa kuwa jua limegonga ardhi na mwanga ukarudi juu, ukapaka tumbo la gari. Gemu ikiukosa huo mwanga unaorudi, gari huonekana limebandikwa juu ya barabara, hata likiwa limechorwa mpaka nati ya mwisho.

Mbinu inayotumika sasa kuupata mwanga wa namna hiyo ni kufuata miale: mashine hukokotoa jinsi mwale unavyogonga kitu kimoja na kuruka kwenda kingine, maelfu kwa maelfu, kwa kila picha. Ni hesabu nzito mno. Gran Turismo 7, ilipotoka kwenye PS5 (pleisteshini ya tano ya Sony) Machi 2022, iliitumia mbinu hiyo unapotazama marudio ya mbio au unapopiga picha za gari lako, ila si wakati unapoendesha. Kwa hiyo zile picha nzuri watu walizorushiana zilitoka kweli ndani ya gemu, lakini hazikuwa zile anazoziona aliyeshika usukani. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kila mnunuzi aijue. Gemu moja ina picha za aina mbili au tatu, na tangazo hukuonyesha ile iliyo bora.

Wakati mwingine hata picha yenyewe haitoki kwenye gemu. Mwaka 2005, Sony ilipoitambulisha PS3, ilionyesha trela ya MotorStorm, magari yakirusha matope na vyuma vikipaa hewani. Watu walipigwa butwaa. Kumbe ilikuwa filamu iliyotengenezwa mapema kuonyesha lengo la watengenezaji, si gemu iliyokuwa ikichezwa. MotorStorm ilipotoka ilikuwa gemu nzuri, na waliokuja kuicheza bila kuiona trela waliifurahia zaidi kuliko waliokuwa wakiilinganisha na trela. Siku hizi trela nyingi huandikwa maneno madogo chini ya skrini kueleza picha zimepatikanaje. Yasome kabla ya kushangilia.

Kisha kuna jambo ambalo simu haiwezi kukuonyesha vizuri, nalo ni idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde. Chukua mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Hizo ni mita 50 kila sekunde. Gemu ikichora fremu 30 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata gari limeshasonga mita 1.7 hivi. Ikichora 60, ni sentimita 83. Anayetaka kuchelewesha breki mpaka dakika ya mwisho anaamua ndani ya mwanya huo, ambao hauoni. Gemu za 60 humpa taarifa mara mbili zaidi, na mkono huuhisi ukweli huo kabla jicho halijautambua.

Driveclub, iliyotoka Oktoba 2014, iliamua kubaki kwenye fremu 30 ili nguvu iliyobaki iende kwenye uchoraji. Desemba mwaka huohuo ikaongezewa mvua, na kwangu mimi ni chache sana zilizoifikia tangu hapo. Matone kwenye kioo cha mbele husukumwa na upepo gari likishika kasi, hukimbilia pembeni ukikata kona, waipa inapita, inaacha utando mwembamba, kisha matone yanaanza upya. Kama ningekuwa nalipia kutazama, ningeilipia mvua ile bila kusita. Kama nalipia kushindana, nachukua fremu 60 zisizoyumba na mwanga wa kawaida. Neno la maana hapo ni kutoyumba. EA Sports WRC, gemu ya rali ya Novemba 2023, ilipotoka kwenye kompyuta, wachezaji wengi walilalamika kwamba picha inakwama kwa nukta ndogo katikati ya mwendo. Katika rali, nukta hiyo inakupeleka mtini.

Nimeitaja gemu hiyo pia kwa sababu ina Safari Rally yetu, na iliuzwa dola 50 pale ambapo wenzake wakubwa walikuwa wakiuzwa 70. Anayefuatilia Safari tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 anaijua ile fesh-fesh ya Naivasha: vumbi jepesi kama unga linalokaa kwenye mashimo, gari likipita linapanda lote na kuning'inia. Kulichora vumbi hilo ni kazi ngumu kuliko kuchora bodi ya gari, kwa sababu ni lazima mwanga upenye ndani yake, lisogee, lizibe njia, na lipungue polepole. Mtu akikwambia gemu fulani ina uhalisia, mwulize vumbi lake likoje.

Haya yote bado ni upande wa picha. Gemu ya kuigiza udereva, yaani simyuleta, ina uhalisia wa pili ambao hauonekani kabisa kwenye trela: tairi linavyoshika na kuachia lami, uzito unavyohamia mbele ukifunga breki, usukani unavyolegea gari linapoanza kuteleza. iRacing ilianza mwaka 2008, na kwa miaka mingi picha yake ilizidiwa na gemu za konsoli, yaani mashine za gemu kama pleisteshini. Hata hivyo madereva wa kweli, Max Verstappen wa Formula 1 akiwa mmoja wao, huitumia kushindana. Sababu ni kwamba viwanja vyake hupimwa kwa leza, mpaka kibonye kilichoko kwenye lami ya kona fulani kimo mahali pake. Kunos Simulazioni, Waitaliano waliotengeneza Assetto Corsa, waliupima hivyohivyo uwanja wa Nürburgring wa Ujerumani, ule mrefu wa kilomita zaidi ya 20. Hapa Malindi, ambako Kiitaliano husikika mpaka sokoni, jina Assetto Corsa halihitaji mkalimani.

Sasa bei. Kwa takriban miaka 15 gemu kubwa ya konsoli ilikuwa dola 60. Zilipokuja PS5 na wenzake mwaka 2020 ikapanda hadi 70, na Juni 2025 Mario Kart World ikauzwa dola 80, ingawa si simyuleta hata kidogo. Kwa dola iliyokaa karibu shilingi 129 tangu nusu ya pili ya 2024, dola 70 ni shilingi 9,030 na dola 80 ni 10,320, kabla ya kodi na kabla ya faida ya aliyekuuzia vocha.

Ni kweli kwamba picha huchangia gharama. Gran Turismo ya kwanza, ya 1997, gari lilichorwa kwa vipande bapa mia chache tu. Leo ni mamia ya maelfu, na gari moja humchukua mchoraji miezi. Lakini fedha huenda pia kwenye leseni, yaani ruhusa ya kutumia magari na majina ya watengenezaji wake. Porsche iliifunga leseni yake kwa kampuni ya gemu ya EA peke yake mpaka mwisho wa 2016, na kwa miaka yote hiyo Gran Turismo ililazimika kuweka magari ya RUF, yanayotengenezwa juu ya bodi ya Porsche. Kwa hiyo bei ya gemu haipimi ukali wa picha. Inapima mshahara wa wachoraji, mikataba, matangazo, na makadirio ya kampuni kuhusu kiasi ambacho mnunuzi wa Marekani atavumilia.

Na bei ya dukani si bei yote. Ndani ya Gran Turismo 7, gari la McLaren F1 liliwahi kuuzwa krediti (pesa za ndani ya gemu) milioni 18.5, wakati krediti milioni 2 zilinunuliwa kwa karibu dola 20. Asiyetaka kukesha akizitafuta angetoa takriban dola 200 kwa gari moja la skrini. iRacing hulipiwa kila mwezi, na magari na viwanja vingi huuzwa kimoja kimoja, gari likiwa karibu dola 12. Ongeza bando la kupakua zaidi ya gigabaiti 100. Halafu kuna suala la umiliki, ambalo mimi linaniumiza kuliko yote: kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu yake ya magari, tarehe 31 Machi 2024, na gemu ikafa hata kwa waliokuwa na CD yake mkononi, kwa sababu haikuweza kuchezwa bila intaneti. Gemu ijayo ikitangazwa, swali la kama itachezeka bila seva ni sehemu ya swali la bei.

Tusisahau runinga. Picha ya 4K, ile kali ya runinga za sasa, ina nukta za rangi (pikseli) takriban milioni 8.3. Runinga ndogo ya 720p, ambayo bado iko kwenye vibanda vingi na majumbani, ina nukta 921,600, yaani moja ya tisa. Mtu anayenunua gemu siku ya kwanza kwa ajili ya ukali wa picha, kisha akaichomeka kwenye runinga hiyo, analipia nukta nane katika kila tisa ambazo hazitafika machoni pake. Huyo angepata faida zaidi kusubiri bei ishuke, au kuweka fedha zake kwenye usukani wenye pedeli, hata uliotumika, kwani usukani huugeuza uhalisia wa mwendo mara moja.

Anayetaka kukadiria kabla gemu haijatoka, atafute video ya mtu anayeendesha kwa kamera ya ndani ya gari, bila kukatwa, walau mzunguko mzima. Atazame vioo vya pembeni, kwa kuwa hapo ndipo watengenezaji hupunguza picha kwanza. Atazame mvua ikiwa imewekwa na magari 20 yakiwa pamoja. Kwenye kompyuta, duka la mtandaoni la Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na kabla hujacheza saa mbili, muda unaotosha kujua kama mashine yako inaibeba. Duka la PlayStation huwa halirudishi fedha kwa kubadili mawazo ukishaanza kupakua, hivyo kwa mwenye PS5 ni heri aicheze kwanza kwa rafiki au kibandani, hata raundi chache za kulipia.