Mfupa Uliovunjika Hungoja Damu: Kwa Nini Mifupa Dhaifu Hukawia Kuunga

Tuchukue mfano wa bibi wa Ngamiani, hapa Tanga, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, anayeteleza kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji ya kuoshea vyombo, akajizuia kwa kiganja na kuvunjika kifundo cha mkono. Wiki ya sita anapigwa picha ya eksirei. Pale ambapo kwa kijana tungeona wingu jeupe la mfupa mchanga limeuzunguka ufa, kwake kuna ukungu hafifu tu. Familia huuliza mara moja kama amepungukiwa na kalsiamu. Huenda ni kweli, lakini kalsiamu ya maziwa na dagaa hufikishwa kwenye ufa na damu, na njia za damu mahali hapo zimekatika.

Mfupa unapovunjika, mishipa iliyomo ndani yake hupasuka, damu huganda kati ya vipande, na eneo hilo hukosa oksijeni. Ukosefu huo, ambao kwa mtazamo wa haraka ni hasara tupu, ndio unaoamsha ujenzi: seli za jirani hutoa protini iitwayo VEGF, kichocheo kikuu cha ukuaji wa mishipa ya damu, na mishipa iliyosalia huanza kuchipua matawi kuelekea kwenye jeraha. Wakati huohuo gegedu laini hujengeka kuziba pengo. Gegedu hilo haligeuki kuwa mfupa mgumu mpaka vimishipa vilipenye, vikiingia pamoja na seli za kujenga mfupa. Vikichelewa, kila hatua inayofuata nayo huchelewa.

Osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua uzito na kuwa dhaifu, huvuruga mpango huu. Kwa wanawake, homoni ya estrojeni inaposhuka baada ya ukomo wa hedhi, seli zinazobomoa mfupa huwazidi kasi wajenzi wake. Hilo linajulikana sana. Linalosahaulika ni kwamba mishipa ya mfupa nayo hupungua. Mwaka 2014 watafiti wa Münster, Ujerumani, walionyesha kwamba mifupa ya panya ina vimishipa vya aina maalumu, walivyovipa herufi H, ambavyo huzungukwa na seli changa za kujenga mfupa na huadimika kadiri mnyama anavyozeeka. Majaribio mengine ya panya walioondolewa ovari yameonyesha VEGF ikipungua kwenye mvunjiko, na mfupa ukikawia kuunga. Kwa binadamu mambo yamechanganyika zaidi, kwa kuwa umri, kisukari na lishe huja pamoja, na wazee wengi wenye mifupa dhaifu huunga vizuri wakitunzwa ipasavyo.

Hapa Tanga wapo wanaoanzia kwa fundi wa kuunga mifupa, nami siwabezi mafundi hao, kwani kukituliza kiungo kwa mabanzi ni kanuni sahihi kabisa. Ninachokipinga ni kuchua mahali palipovunjika, jambo linalochana vimishipa vichanga vilivyoanza kuota, na kukaza kamba mpaka damu isipite. Vidole vikiwa baridi, vikipauka au kufa ganzi, kifungo kilegezwe na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, awe amefungwa mabanzi au plasta ngumu. Tumbaku nayo, iwe sigara au ugoro, ina nikotini inayobana mishipa, hivyo iachwe walau kwa kipindi chote cha kuunga.

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kigezo cha kutambua osteoporosisi kwa kupima ujazo wa madini ya mfupa kwa mashine ya mionzi. Mashine hiyo si ya kila hospitali, lakini mtu mzima aliyevunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe tayari ameonyesha dalili ya kutosha ya kuchunguzwa. Kwa hiyo bibi yetu, siku ya kutolewa plasta, asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla daktari hajazungumza naye juu ya vitamini D, dawa za kupunguza ubomoaji wa mfupa, na ile sakafu ya jikoni.