Plagi Hairuki Bure: Yanayosemwa Gereji na Ukweli Wake

Kila mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye injini chini ya kiti, Dodoma ana jamaa yake aliyewahi kurushiwa plagi, yaani plagi ya cheche inayowasha petroli imechomoka kwenye injini. Gari limetoka Kibaigwa na magunia ya mahindi, limekanyagiwa mafuta kwenye mpando, mara "paa!", injini inaanza kupuliza pumzi nje na nguvu zimekwisha. Likifika gereji, sababu zinatajwa hata kabla kiti hakijafunuliwa: plagi feki, jua la Dodoma, petroli ya madumu, wengine hadi jicho la jirani. Baadhi ya maelezo hayo yana chembe ya ukweli. Mengi hayana, na yanamla mwenye gari hela mara mbili.

Plagi inashikwa na kitu kimoja tu: meno yaliyokatwa ndani ya shimo lake kwenye silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda. Injini ikiwa na mzigo, mgandamizo wa mlipuko ndani ya silinda unaweza kufika baa 50 na kuzidi. Kwa plagi ya kipenyo cha milimita 14, hiyo ni sawa na uzito wa karibu kilo 78 unaoisukuma itoke. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapiga hivyo mara 25 kwa sekunde. Meno yakiwa mazima na plagi imekalia kiti chake sawasawa, haisogei hata kidogo. Ikilegea kidogo tu, kila mlipuko unaigonga, inagonga meno, nafasi inaongezeka, mpaka siku ya mpando inachomoka. Kwa hiyo kosa lenyewe mara nyingi halikutokea siku ile ya mlio. Lilitokea miezi kadhaa nyuma, siku plagi ilipofungwa.

"Hata malori makubwa hurusha plagi"

Fuso, Scania na Canter tunazoziona barabara ya Singida zinatumia dizeli, na dizeli hailipuliwi na cheche. Inajiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Hakuna plagi ya cheche ya kuruka. Kuna nozeli, kifaa kinachomwaga mafuta ndani ya injini, na injini nyingine zina hita plagi za kusaidia kuwasha asubuhi yenye baridi. Lori la dizeli likipiga mlio na kupoteza nguvu ghafla, tafuta mpira wa tabo (kipuliza hewa cha injini) uliochomoka au nozeli iliyolegea kwenye kibano chake. Dereva akikuambia semi lake limerusha plagi, mpe kiti, ana hadithi nyingine pia.

"Ni ugonjwa wa Ford"

Hili limetoka Marekani na lina msingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Ford iliuza pikapu na magari makubwa ya petroli yenye injini za Triton: V8 za lita 4.6 na 5.4, na V10 ya lita 6.8. Kwenye zile za valvu mbili kwa silinda, hedi nyingi za aluminiamu zilikatwa meno machache mno kwenye shimo la plagi, kama manne hivi. Plagi zikawa zinaruka pamoja na koili yake juu (kifaa kinachoipa umeme wa cheche), nyingine kwenye magari ambayo hayajawahi kuguswa na fundi wa mtaani. Hapo ubovu ulikuwa wa muundo. Hedi za baadaye ziliongezwa meno.

Watu wakalichanganya hilo na tatizo lililo kinyume chake. Ile 5.4 ya valvu tatu, iliyoanza kuuzwa 2004, hairushi plagi, inazigandisha. Plagi zake za mwanzo zilikuwa na ganda la vipande viwili, masizi yakizishika chini zinakatika wakati wa kufungua na kipande kinabaki ndani ya hedi. Ushauri wa injini moja ukiupeleka kwenye nyingine, unaharibu.

Lakini pikapu hizo ni za kuhesabu hapa kwetu. Ford tunayokutana nayo zaidi ni Ranger ya dizeli, na dizeli tumeshaimaliza. Kinachojaa gereji zetu ni kirikuu cha 660 cc, Noah, Hiace na Hilux za petroli, bajaji na bodaboda. Hizi hazikupunjwa meno kiwandani. Zikirusha plagi, uliza nani alizishika mwisho.

"Plagi ni feki"

Feki zipo, tena nyingi. Lakini dhambi za plagi feki kwa kawaida ni nyingine: cheche dhaifu, kaure inayopasuka, injini kupiga misi, yaani kurukaruka mlipuko. Kabla hujaenda kugombana na mwenye duka la spea, iokote plagi yenyewe uitazame karibu.

Ukikuta katikati ya meno yake kumejikunja nyuzi za chuma cheupe, kilaini, kinachobanduka kwa ukucha, hayo ni meno ya hedi yako. Plagi imetoka nayo. Ukikuta meno ya plagi ni masafi ila yamepakwa masizi hadi juu, maana yake mara nyingi ililegea na gesi ikawa inapita pembeni yake muda mrefu kabla haijatoka. Ya kwanza inaelekeza kwenye kukazwa kupita kiasi au kuingizwa upande. Ya pili kwenye kukazwa pungufu. Dakika mbili tu za kutazama, na unajua unabishana na nani.

Kuna kosa moja la dukani ambalo ni la kweli, nalo ni urefu wa sehemu yenye meno. Plagi mbili zinaweza kulingana unene na spana, moja ina meno ya milimita 19 na nyingine 12.7. Kwa uzi ambao umbali wa jino hadi jino ni milimita 1.25, ile ndefu inashika meno kama 15, fupi kama 10. Ukifunga fupi kwenye shimo la ndefu, gari litawaka na utaondoka unashukuru, ila umejipunguzia theluthi ya mshiko, na meno ya hedi yaliyobaki wazi chini yanajaa masizi. Siku ukirudisha ndefu, inapita kwa shida na kuyararua. Kinyume chake, ndefu kwenye shimo la fupi inaweza kukutana na pistoni. Nenda dukani na namba ya plagi. "Nipe ya Noah" haitoshi.

"Kaza mpaka spana igome"

Hapa ndipo pengi panapoharibikia.

"Fundi, umekaza vizuri?"

"Hiyo haitoki, bosi." Na anasema hivyo ameegemea mpini mrefu kwa mwili mzima.

Plagi ni chuma, hedi ni aluminiamu. Vikishindana, anayekufa ni aluminiamu. Kukaza kupita kiasi hakuongezi mshiko. Kunavuta meno ya hedi mpaka yanaanza kuachia mzizi wake. Ubaya ni kwamba siku hiyo mkono unahisi plagi imekaa imara kabisa. Utakuja kujua siku ya kufungua, au siku ya mzigo.

Vipimo vinajulikana. Plagi ya milimita 14 yenye washa (pete ya chuma inayobonyea ikikazwa), kwenye hedi ya aluminiamu, inakazwa Nm 25 hadi 30; Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza. Ya milimita 12, Nm 15 hadi 20. Ya milimita 10, ambayo utaikuta kwenye pikipiki nyingi, Nm 10 hadi 12 tu, yaani nguvu ya mkono mmoja usio na hasira. Plagi ya milimita 14 isiyo na washa, yenye kiti cha mviringo uliochongoka, inataka Nm 10 hadi 20. Mwongozo wa gari lako ukisema tofauti, fuata mwongozo.

Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, gereji nyingi hawana, au ipo na inatumika kama nyundo. Bila hiyo kuna njia ya kuhesabu mzunguko. Plagi mpya yenye washa: izungushe kwa mkono mpaka ikalie, kisha ongeza nusu mzunguko, usizidi theluthi mbili. Washa inasikika ikibonyea chini ya spana. Plagi iliyowahi kufungwa: washa imeshabonyea, kwa hiyo ongeza kidogo tu, kama mshale wa saa kutoka 12 kwenda 1. Isiyo na washa, hata hapo haifiki.

Na kabla ya kukaza kuna kuingiza. Plagi ikianza upande, spana itailazimisha na utahisi ni ugumu wa kawaida. Mafundi wazuri wanachomeka kichwa cha plagi kwenye kipande cha mpira wa mafuta cha urefu wa kiganja na kuizungusha kwa vidole. Ikiwa imenyooka inashuka yenyewe; ikiwa imeenda upande, mpira unateleza na meno yanasalimika. Ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote gereji, na sijui kwa nini hakipo kwenye kila boksi la spana.

Lingine: injini ipoe kwanza. Mteja mwenye haraka husimama kichwani mwa fundi huku hedi bado inaunguza, na aluminiamu ya moto ndiyo inayoachia meno kirahisi.

"Paka grisi isije ikaganda"

Plagi nyingi za sasa zimepakwa madini yanayozuia kuganda tangu kiwandani. Ukiongeza grisi, meno yanateleza, na nguvu ileile ya mkono inakaza zaidi ya ulivyokusudia. Ndiyo hivyo unarudi kwenye kosa la juu kwa njia ya pembeni.

"Silinda moja ikifa, nyingine zitakufikisha"

Zitakufikisha, au zitakuchoma. Plagi ikitoka, nozeli ya silinda hiyo haijui. Inaendelea kumwaga petroli, na pistoni inaisukuma nje kupitia tundu, ikiwa mvuke, kwenye injini ya moto. Koili iliyong'olewa inaweza kuwa inaning'inia pembeni bado inatoa cheche. Kwenye kirikuu hayo yote yanatokea chini ya kiti ulichokalia. Zima, sogea pembeni, tafuta wa kukuvuta. Kama uko porini kati ya Bahi na Manyoni na hakuna namna, angalau chomoa soketi ya umeme ya nozeli ile na ya koili yake kabla hujasogeza gari hadi mahali salama. Huko si kusafiri, ni kutoka barabarani.

Na mara nyingi plagi hutoa taarifa kabla. Sikiliza "tik tik tik" inayoongezeka ukikanyaga mafuta na kupungua ukiachia; wengi hudhani ni ekzosi imetoboka. Kukiwa na harufu ya petroli na masizi meusi kuzunguka tundu la plagi, hiyo si ekzosi.

"Funga thredi tepu" na "nunua hedi nyingine"

Haya mawili hutoka gereji moja siku moja. La kwanza ni la kuokoa hela, la pili ni la kuzimaliza.

Tepu ya mabomba na gundi ya chuma havihimili ule msukumo na joto la pale. Tena tepu inazuia plagi kupeleka joto lake kwenye hedi. Plagi itaruka tena, safari hii pengine na kipande cha gundi kimeingia ndani.

Hedi nayo si lazima, mara nyingi. Shimo linapanuliwa, linakatwa meno mapya makubwa zaidi, na ndani yake inafungwa bushi yenye meno ya plagi. Kwa zile Triton, Ford yenyewe iliruhusu ukarabati wa bushi ya aluminiamu bila kutupa hedi. Helikoili, ile ya waya uliojiviringa, ni bei nafuu na inafaa kwa kazi nyingi, ila kwenye tundu la plagi inaweza kutoka na plagi siku ya kubadilisha. Bushi nzima yenye ukingo juu ndiyo ya kuitafuta.

Kazi hii inafanyika hedi ikiwa juu ya injini, kwa sharti la fundi kuwa na subira. Pistoni ishushwe isiguswe na tepu ya kukatia (chuma cha kukatia meno, si ile tepu ya mabomba). Tepu ipakwe grisi nzito ili chenga zinase humo, iingizwe nusu mzunguko, irudishwe, itolewe, ifutwe, ipakwe tena. Anayekata mara moja hadi chini amemwaga chenga zote kwenye silinda. Mwisho zinavutwa kwa mpira mwembamba na kupulizwa kwa kompresa, kisha petroli na koili zikiwa zimechomolewa, injini inazungushwa kwa stata sekunde chache iteme zilizobaki. Usiweke uso juu ya tundu. Tepu ikienda upande hata kidogo, plagi haitakaa sawa kwenye kiti, kwa hiyo usiruhusu kazi hii ifanywe kwa macho tu bila kifaa cha kuongoza.

Hedi inashushwa pale tu ufa umeonekana kati ya tundu na valvu, au kiti cha plagi kimeliwa. Hata hapo, fundi wa kuchonga mwenye mashine anaweza kujaza kwa kuchomelea aluminiamu na kukata tundu upya.

"Vumbi letu ndilo linaloua plagi"

Vumbi halirushi plagi. Linajikusanya kwenye kisima chake, lile shimo refu plagi inamokaa, na fundi akifungua bila kupuliza, mchanga unashuka kwenye meno na ndani ya silinda. Puliza kwanza, legeza robo, puliza tena. Wanaoosha injini kwa maji ya kisima yenye chumvi wakumbuke kukausha visima hivyo, maana plagi inashika kutu humo na siku ya kufunguliwa inagoma.

"Bushi ni ya muda"

Bushi nzima iliyofungwa vizuri inashika hedi kwa meno mapana kuliko yale ya zamani, kwa hiyo tundu lile linaweza kuwa imara kuliko jirani zake. Liandike kwa kalamu ya rangi juu ya kifuniko cha valvu, silinda namba ngapi ina bushi na ni ya aina gani. Fundi ajaye akiona plagi inazunguka na bushi yake atajua asimame, aache injini ipoe, asiendelee kuvuta.