Makachero wa bando na benchi la Mto Wyre

Ukiona picha ya satelaiti imechorwa mishale myekundu, na pembeni mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahali penyewe ameandika "hapa kuna kitu hakipo sawa", jua kuna mtu amepotea na makachero wa bando, yaani wapelelezi wa kujiteua wa mtandaoni, wameshaingia kazini. Mimi kazi yangu ni kuhakiki picha, video na data za simu. Makosa yanayofanywa kwenye kesi hizi ni yaleyale kila mara, kwa hiyo leo nachukua kesi moja ambayo karibu yote yamo. Nimeichagua pia kwa sababu mahakama ilishaitolea uamuzi, kwa hiyo tunaweza kusahihisha mtihani tukiwa na majibu mkononi.

Ni kesi ya mama wa watoto wawili, umri miaka 45, aliyepotea Ijumaa, Januari 27, 2023, katika kijiji cha St Michael's on Wyre, Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Jina lake silitaji. Limeshatumika vya kutosha kutafutia watazamaji.

Mpangilio wa asubuhi ile ulijulikana mapema sana. Aliwapeleka watoto shule, akaenda kumtembeza mbwa kando ya mto. Saa 3:01 aliingia kwenye kikao cha kazi kwa simu. Saa 3:10 shahidi anayemfahamu alimwona kwenye uwanja wa juu. Polisi walikadiria kwamba saa 3:20 simu ilikuwa imerudi kwenye eneo la benchi. Saa 3:30 kikao kiliisha, ila simu yake ikabaki imeunganishwa. Dakika chache baadaye mpita njia aliikuta simu kwenye benchi, na mbwa anazurura karibu.

Sasa angalia maneno mawili ambayo mtandaoni huchanganywa kila siku: mahali alipoonekana mwisho, na mahali vitu vyake vilipokutwa. Kwa mtafutaji hizo ni nukta mbili tofauti. Ya kwanza ina macho ya binadamu nyuma yake, ya pili ina simu tu. Kati ya saa 3:10 na simu kuokotwa kuna zaidi ya dakika 20, lakini ukiikubali nukta ya 3:20, pengo linabaki kama dakika 10 hadi 13. Mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa huenda mita 830 kwa dakika 10. Huo ndio ukubwa wa fumbo zima: duara la takriban kilomita moja kila upande, na ndani yake mto unapita hatua chache kutoka kwenye benchi. Makachero wa bando walikuwa wanazungumzia magari na jumba bovu la ng'ambo ya mto. Wapo waliofunga safari hadi kijijini na kuchimba msituni kwa sepetu.

Simu ndiyo iliyowachanganya zaidi. "Nani anaacha simu kwenye benchi ikiwa bado kwenye kikao?" Jibu fupi: kila mtu. Ukiingia kwenye kikao cha kusikiliza tu, maiki umeizima na kamera umeizima, simu inakuwa redio. Unaiweka chini, unashughulika na mbwa. Kikao kikiisha upande wa wengine, programu haijui kama wewe bado upo, mara nyingi inabaki imeunganishwa hadi mtu abonyeze. Kwa hiyo "simu ilibaki kwenye kikao" haisemi chochote kuhusu mwenye simu. Inasema kitu kimoja tu, kwamba hakuna aliyeibonyeza.

Na neno "mnara ulionyesha", ambalo hurudiwa sana kwenye kesi hizi, nalo litazamwe. Mnara wa simu kijijini unahudumia eneo la kilomita kadhaa. Hauwezi kukuweka kwenye benchi. GPS chini ya anga wazi hukosea mita 5 hadi 10, na chini ya miti hukosea zaidi. Mtu akikuletea nukta moja kwenye ramani, muulize: duara la makosa lina ukubwa gani? Kama hajui, hiyo si data, ni mapambo.

Tuje kwenye mto, maana hapa ndipo hata watu wenye akili zao walipotelea. Watu wetu wa pwani na wa ziwani wanajua kwamba maiti huibuka siku ya pili au ya tatu. Ni kweli, kwa maji yetu. Mtu akizama, mapafu yakishajaa maji mwili unakuwa mzito kidogo kuliko maji baridi ya mtoni, unashuka chini. Kinachouinua baadaye ni gesi zinazotengenezwa na bakteria tumboni, na bakteria wanaishi kwa joto. Chukua kanuni ya maabara: kila joto likishuka nyuzi 10, kasi yao hupungua mara 2 hadi 3. Maji ya nyuzi 25 yakikupa siku 3, maji ya nyuzi 5 yatakupa kati ya siku 12 na 27. Mito ya kaskazini mwa Uingereza mwezi Januari huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mwili ulionekana Februari 19, siku 23 baadaye, kwenye matete, kama kilomita 1.6 chini ya mto. Kila siku ya wiki ya kwanza na ya pili watu walikuwa wanaandika "angekuwa mtoni angeshaibuka", na kila siku hesabu ilikuwa inasema huenda bado.

Jambo la pili la mto ule ni kwamba jirani na pale pana ukuta mdogo unaokatisha maji, na chini ya ukuta huo mto unaanza kufuata kupwa na kujaa kwa bahari. Maana yake kitu kilichomo hakiendi upande mmoja tu. Kinashuka, kinarudi, kinanasa kwenye mti ulioanguka, kinanasuka. Sehemu uliyoipekua asubuhi ikawa tupu, jioni si tupu tena kwa uhakika uleule.

Timu binafsi ya wapiga mbizi ilipita na sonar ya pembeni, kisha ikatangaza hadharani kwamba katika sehemu waliyopekua hayupo. Sonar ya aina hiyo ni chombo kizuri mno kwenye kitanda cha mto kilicho tambarare: inapiga sauti pembeni, kitu kinasimama, nyuma yake kinaacha kivuli cheusi, na kivuli ndicho unachokisoma. Kwenye matete na matawi sauti inatawanyika, skrini inajaa chengachenga, kivuli hakuna. Ukingoni ambako maji ni kina cha magoti, chombo hakifiki kabisa. Ndiyo maana mtafutaji makini hasemi "hayupo". Anasema "tumepekua kwa uwezekano wa asilimia 70 wa kumwona kama yupo". Ukipekua mara mbili kwa kiwango hicho, unabaki na 0.3 × 0.3, yaani asilimia 9 za kukosa. Mara tatu, karibu asilimia 3. Neno "hayupo" likitoka kwa mtaalamu mbele ya kamera, asilimia hizo zinafutika, na kinachobaki akilini mwa watu ni kwamba kama hayupo mtoni basi ametekwa. Mwenzi wake na marafiki wakaanza kutukanwa.

Uchunguzi wa kifo mahakamani, Juni 2023, uliamua: kuzama kwa ajali. Mtaalamu wa mwili na baridi alieleza jinsi inavyokuwa. Maji chini ya nyuzi 15 hivi humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila hiari, na pumzi moja ya namna hiyo inaweza kufikia lita 2 hadi 3. Uso ukiwa chini ya maji wakati huo, unachovuta ni maji. Mshtuko wenyewe hufikia kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza. Aliyezoea bahari ya Bagamoyo, ambayo ni nyuzi 25 na zaidi mwaka mzima, hana kumbukumbu yoyote mwilini ya kitu hicho. Ndiyo maana "lakini alijua kuogelea" inaonekana hoja nzito wakati haina uzito wowote. Na ile hoja kwamba mbwa alikutwa mkavu? Mbwa hakuingia majini. Basi.

Polisi nao wasisafishwe. Tathmini ya College of Policing, chombo cha taaluma ya polisi huko Uingereza, iliyotoka Novemba 2023 ilisema kutangaza mambo ya afya ya mwanamke yule hadharani kulikuwa kitu kilichoepukika na kisichohitajika, na kwamba kutowapa waandishi maelezo ya msingi kulichangia kuacha pengo ambalo uvumi uliingia. Nakubaliana nao kabisa. Ila pengo la taarifa si ushahidi. Polisi wakinyamaza, mara nyingi wanaficha kitu kimoja kidogo makusudi, rangi ya soksi au kilichokuwa mfukoni, ili atakayepiga simu akidai anajua apimwe nacho. Ukikitoa mtandaoni kwa ushujaa wako, umewanyang'anya kipimo.

Kwetu tuliona sura ileile Likoni, Mombasa, Septemba 29, 2019, gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri ya MV Harambee likiwa na mama na binti yake. Siku 12 zikapita kabla ya kuopolewa, gari likiwa kwenye kina cha takriban mita 58. Hewa ya kawaida ya kupigia mbizi ina kikomo chake, nako kwa wapiga mbizi wa burudani ni mita 40. Zaidi ya hapo nitrojeni inalevya na kupanda juu kunahitaji vituo vya kupumzikia. Pamoja na hayo kuna mkondo wa mlango wa bandari na feri zinazopita. Mtandaoni, kila siku iliyopita ilikuwa "ushahidi".

Kuhusu nyuso nitasema kidogo tu, kwa sababu kosa lenyewe ni la hesabu ya darasa la saba. Aprili 2013, baada ya mabomu ya Boston, watu wa jukwaa la mtandaoni la Reddit waliamua kwamba mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea tangu Machi 16 huko Providence ndiye mshukiwa kwenye picha za FBI. Familia yake ilisumbuliwa usiku kucha. Aprili 23 alipatikana mtoni, amekufa, na hakuwa na uhusiano wowote na mabomu. Sasa fanya hesabu: hata kama mfanano ule ungekuwa wa mtu mmoja kati ya 10,000, jiji la Boston na viunga vyake lina watu zaidi ya milioni 4.5. Hao ni watu 450 wanaofanana na picha hiyo. Umemchagua mmoja kwa sababu jina lake lilikuwa tayari kwenye skrini yako.

Je, umma hauna kazi? Ipo, na ni kazi isiyo na sifa. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, tangu 2017 huweka hadharani vipande vya picha, mfuko, kitambaa, ukuta, na kuomba watu waseme kitu hicho kinapatikana wapi. Inafanya kazi kwa sababu swali ni la kitu, si la mtu. Ukikosea hakuna anayevunjiwa mlango.

Kwa aliyepotelewa na ndugu, saa za kwanza zina thamani kuliko uzi wowote wa maoni. Nenda kituoni mara moja uandikishe. Kenya dai namba ya OB, Tanzania RB. Halafu kimbilia kamera za maduka, kwa sababu zinajifuta zenyewe. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Duka lenye kamera nne linakula 86. Diski ya terabaiti moja inadumu siku 11 na nusu, ya gigabaiti 500 haifiki siku 6. Mwombe mwenye duka asimamishe kurekodi juu ya siku hiyo, au ahamishe faili zenyewe kwenye flashi. Kupiga video ya skrini kwa simu kunaua ubora na saa inakuwa haisomeki. Kabla hujaondoka, piga picha saa ya mashine ikiwa sambamba na saa ya simu yako. Mashine hizi hupotea dakika 5, wakati mwingine saa nzima, na bila tofauti hiyo mpangilio wote unapinda. Ukiona video inaruka, usianze kuandika "imekatwa": nyingi hurekodi pale tu kitu kinapotembea mbele ya kamera.

Picha utakayosambaza iwe ya karibuni, uso wazi, nguo alizovaa siku hiyo zitajwe, ila alama yake moja uifiche kama polisi wanavyofanya, tarehe iandikwe kubwa juu ya picha yenyewe, maana maelezo ya chini hubaki nyuma picha ikihamishwa kwenye magrupu. WhatsApp hupunguza picha na kufuta taarifa zake fiche, kwa hiyo faili asilia itunze, mpelelezi ataihitaji. Namba ya kupiga iwe ya kituo pamoja na laini mpya ya familia, isiyo na pesa na isiyotumika kwa benki. Simu ya kwanza ikija inasema "tunaye, tuma kwenye namba hii", uliza ile alama uliyoificha. Akikata, andika namba na muda, mpe mpelelezi. Na siku akipatikana, rudi kwenye kila grupu ulikoweka tangazo useme amepatikana, kwa neno hilo moja, bila kueleza wapi wala kwa nini.