Trekta dogo mlimani: dhana potofu zinazoua

Tangu enzi za Kilimo Kwanza, ule mpango wa serikali ya Tanzania wa mwaka 2009, pawatila (mashine ya magurudumu mawili unayoiongoza kwa mpini) na matrekta madogo yamepanda hadi kwenye milima iliyozoea jembe la mkono tu. Njombe, Rungwe, Lushoto, kote utayakuta. Lakini mengi tunayofundishana kuhusu kuyaendesha ni ya tambarare, na mlimani yanageuka.

"Ukibana klachi ya kushoto, pawatila inakata kushoto."

Tambarare ni kweli. Mpini una vishikio viwili vya klachi, kila kimoja na gurudumu lake. Ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, mashine inakata kushoto. Sasa shuka nayo mteremko mkali, tela nyuma limejaa magunia ya viazi. Hapo injini haisukumi tena, inayazuia magurudumu yasikimbie. Ukibana kushoto unakuwa umelifungulia gurudumu la kushoto, nalo linakimbia kuliko mwenzake, na pawatila inakata kulia.

Haya niliyajua kwa mikono yangu. Nilikuwa nashuka njia ya shambani, bonde likiwa kulia kwangu, nikabana kushoto ili nilikwepe. Pua ikageukia bondeni. Nikabana zaidi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na ndivyo nilivyozidi kulifuata bonde. Kilichoniokoa ni kisiki cha mkaratusi kilicholizuia gurudumu. Kila ninayemwelekeza sasa namwambia jambo hili kabla hata hajawasha: kwenye mteremko mkali vidole viache vile vishikio. Weka gia ndogo ukiwa bado juu, punguza moto, kisha geuza kwa kuusukuma mpini wenyewe, taratibu.

"Kushuka kwa nyutro kunaokoa mafuta."

Kunaokoa kijiko cha dizeli. Tela lisilo na breki linakusukuma kutoka nyuma, na mashine ikishakimbia huipati tena gia. Kwenye trekta la magurudumu manne kuna hatari nyingine: pedali za breki ni mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili shambani uweze kukata kona fupi. Zikiwa hazijaunganishwa na ukakanyaga moja kwa hofu, trekta linazunguka na kulala ubavu. Ziunganishe kabla ya kushuka au kuingia barabarani.

"Magurudumu manne, limesimama kama meza."

Inama uangalie chini ya pua ya trekta. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati, icheze kufuata ardhi. Kwa hiyo trekta limesimama kama kigoda cha miguu mitatu: magurudumu mawili ya nyuma, na ile pini. Trekta dogo tena ni jembamba. Shimo la panya upande wa chini, au jiwe upande wa juu, linatosha kuliangusha. Panua nafasi ya magurudumu ya nyuma kama trekta lako linaruhusu, na ukiwa na plau nyuma libebe chini kadiri inavyowezekana.

"Likianza kupinduka nitaruka."

Huwezi. Trekta lililonasa kwenye tope likipanda, magurudumu yakikataa kuzunguka, injini inainua pua na kuizungusha juu ya ekseli ya nyuma. Mpaka likulalie inachukua kama sekunde moja na nusu, na nusu ya muda huo ikipita, hata ukikanyaga klachi umechelewa. Toka kwa kurudi nyuma, au chimba. Mnyororo wa kuvuta ufungwe chini, kwenye kivutio (kile chuma cha kufungia tela), usifungwe juu ya ekseli.

Kinachookoa ni ule upinde wa chuma nyuma ya kiti. Sweden iliulazimisha kwenye matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Huku kwetu naona watu wanaukunja au kuung'oa kwa sababu unagonga matawi ya kahawa, na inaniuma. Upinde ukiwa umesimama, funga mkanda, ubaki ndani ya nafasi ambayo upinde unaikinga. Ukiwa haupo au umekunjwa, usifunge. Na hakuna abiria kwenye madigadi, hata mtoto wako.

"Bwana shamba kasema kontua, basi nipite mlazo popote."

Kontua, yaani kulima kwa kukingama mteremko, inalinda udongo, na bwana shamba yuko sahihi. Lakini kulima mlazo ndiko kunakoliweka trekta ubavu kwa mteremko. Penye mwinuko wa wastani, sawa. Pakizidi, tengeneza kwanza matuta ya fanya juu (unachimba mfereji na kutupia udongo upande wa juu), trekta lipite kwenye ngazi zilizotulia. Pengine pote paachie mkono: Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa mashimo yao ya ngoro kwa vizazi, na udongo wao upo. Kipande changu cha juu, kile kinachotazama mto, nimekirudishia jembe.